Dawa za Shamba na Haki ya Jirani

Lugha yetu ina ukarimu mwingi katika neno dawa. Kidonge cha homa ni dawa, mzizi uliochemshwa ni dawa, moshi ufukuzao mbu ni dawa, na sumu inyunyizwayo juu ya majani ya kitunguu ili kuua wadudu nayo ni dawa vilevile. Ukarimu huu una hatari yake. Jina likiwa jema mkono hupoteza hadhari. Mama ambaye hangethubutu kuacha chupa ya sumu chini ya kitanda cha mtoto aweza kuiacha hapo chupa ya dawa, kwa sababu sikio lake limezoea kusikia kuwa dawa ni kitu cha kheri. Basi na tukubaliane tangu mwanzo kwamba dawa ya wadudu ni sumu. Kama si sumu isingeua. Kusema hivyo si kumtukana aitumiaye. Ni kueleza kazi ya kitu kwa jina linalokistahili.

Baada ya hapo swali hujitokeza lenyewe. Mtu ana haki gani ya kutumia sumu kuokoa chakula chake, ikiwa sumu hiyo haitakaa ndani ya mipaka ya shamba lake? Na nani anayefaa kuwa mwamuzi wa jambo hili: mkulima mwenyewe, jirani yake, au serikali?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini ni heri kuliuliza mahali penye jina. Tuchukue Rhamu, katika kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Nchi ile ni kavu. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 250, nayo huja kwa misimu miwili, Gu na Deyr, na mara nyingine haiji kabisa. Utajiri wa wenyeji walio wengi ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Walakini Rhamu imepewa neema ambayo Wajir na El Wak hazikupewa, nayo ni mto Daua, utokao katika nyanda za juu za Ethiopia na kupita kando ya mji ukielekea mashariki. Mto huo ndio mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kando yake pana ukanda mwembamba wa kijani: vitunguu, nyanya, mahindi, mtama, simsim, mapapai na migomba, na mashine za kuvuta maji zikinguruma asubuhi na jioni. Kiangazi kikizidi, mto hukauka usoni, na watu huchimba mchanga wake kutafuta maji yaliyojificha chini.

Maji yanyweshayo kitunguu ndiyo yanywewayo na ngamia, ndiyo yaoshayo nguo, ndiyo yachotwayo kwa mitungi na kubebwa nyumbani kwa punda. Mwenye shamba la juu na mchungaji wa chini hawana mito miwili. Wala hawana sheria moja, maana ng'ambo ya pili ni nchi nyingine. Mahali kama hapo, hakuna shamba liwezalo kuwa siri ya mwenyewe.

Kabla ya kumhukumu mkulima yafaa tusimame upande wake. Mtu aliyekopa fedha za mbegu na mafuta ya mashine, akaamka usiku kufungua mifereji, akaona siku moja majani ya vitunguu yake yanageuka rangi ya fedha kwa kuliwa na wadudu wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, mtu huyo hana siku nyingi za kufikiri. Mzee wa ngamia akipoteza ngamia mmoja hubaki na wengine. Mwenye vitunguu hupoteza msimu mzima pamoja. Duka liko karibu, chupa ipo, na mwenye duka anaapa kuwa inaua. Asubuhi anyunyizapo, jioni huwaona wadudu wameanguka. Faida ile ameiona kwa macho yake. Mtu gani atamwambia kuwa ameona vibaya?

Hakuona vibaya. Ameona nusu. Dawa nyingi za wadudu zilizotumika Afrika ya Mashariki ni za ukoo uitwao oganofosfeti. Hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kimoja ambacho huizima amri ya neva baada ya kuitumia. Amri isipozimwa, misuli huendelea kushtuka bila kupumzika, mpaka pumzi inakatika. Mdudu hufa hivyo. Lakini mwanadamu ana kimeng'enya hicho hicho, na mbuzi anacho, na nyuki anacho. Tofauti iliyopo ni ukubwa wa mwili na kiasi cha sumu. Mtu akipata kiasi kikubwa hutoka jasho, hutokwa mate na machozi, mboni za macho yake husinyaa, hutetemeka, na kifua hubana. Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni laini, na ubongo wake bado unajengwa.

Hayo ni madhara ya siku ile ile, na yangekuwa ni hayo tu jambo lingekuwa jepesi zaidi. Yako madhara yachukuayo miaka. Katika mwaka 1939 mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kuwa DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Alistahili, DDT ilikuwa imewaokoa watu wengi na homa zienezwazo na chawa na mbu. Baadaye ikaja dieldrini, nayo ikawa silaha kubwa ya kupigana na nzige jangwani. Ilinyunyiziwa kwa mistari juu ya majani, na tunutu, yaani watoto wa nzige wasioweza kuruka, walipoivuka mistari ile walikufa hata kama wiki nyingi zilikuwa zimepita. Sifa yake ilikuwa kudumu. Na kudumu huko ndiko kulikokuja kuwa aibu yake, kwa sababu haikuondoka ilipomaliza kazi. Iliingia katika mafuta ya wanyama, kutoka mdudu hadi ndege, kutoka jani hadi nyama na maziwa, ikizidi kulimbikana kila ilipopanda. Mwaka 1962 mwanamke wa Kimarekani, Rachel Carson, alitoa kitabu kiitwacho Silent Spring kuonya juu ya mambo hayo, akatukanwa na wenye viwanda. Mkataba wa Stockholm, uliozuia DDT, dieldrini na nyingine za namna hiyo, ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004. DDT iliachiwa mlango, hasa wa kupigana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Tangu kitabu mpaka mkataba ni miaka 39. Ndivyo ulivyo mwendo wa mambo haya: faida hufika asubuhi kwa miguu yake, na madhara hufika baada ya kizazi kimoja, hayana jina la aliyeyatuma.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa swali letu. Wasomali wana sheria yao ya asili iitwayo xeer, na majirani zao Waborana wana desturi zao kali za visima. Kwa desturi hizo watu wa nchi kavu wameishi pamoja karne nyingi, wakigawana malisho na maji. Ngamia wako akimdhuru mtu, wazee hukaa chini ya mti, hukujua, hukuita, nawe hulipa. Desturi ya namna hiyo ina nguvu kwa sababu tendo lina mwenyewe, na madhara yana siku yake. Sasa mfikirie mtoto aliyekula nyanya zilizonyunyizwa Alhamisi na kuuzwa Ijumaa. Nyanya za nani? Sokoni zilimwagwa fungu moja na za wakulima kumi. Au mfikirie mwanamke aliyekunywa maji ya mto kwa miaka 20. Sumu ya shamba gani? Wazee chini ya mti watamwita nani? Hata mkosaji mwenyewe hajijui. Fidia haiwezi kulipwa na mtu asiyejulikana, na soni haiwezi kumpata mtu asiyejua alilotenda. Madhara ya namna hii huponyoka katika wavu wa desturi, ingawa wavu ule ni mzuri kwa samaki wengine wote. Hayana budi kuzuiwa kabla ya kutendeka, na kazi ya kuzuia kabla ya tendo ni kazi ya sheria ya nchi.

Kenya ina sheria hiyo. Bunge lilitunga Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu mwaka 1982, na kwa sheria hiyo ipo Bodi ambayo kazi yake ni kuandikisha kila dawa kabla haijauzwa, kuichunguza, na kuifuta ikionekana kuwa na hatari isiyovumilika. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kifungu kifuatacho, yaani cha 43, kinasema juu ya haki ya kuwa huru kutokana na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Mwanafunzi akikisoma kwa makini ataona kuwa ndani ya sentensi moja ya 43 mnakaa haki mbili ziwezazo kugombana. Chakula cha kutosha kinataka wadudu wafe. Ubora unataka sumu isibaki.

Ugomvi huo haukubaki katika karatasi. Ulikuja Mandera kwa mabawa. Mwaka 2018 tufani mbili, ya Mei na ya Oktoba, zilimwaga mvua katika jangwa la Robo Khali huko Arabuni, na nzige wakazaliana mahali pasipo mtu wa kuwaona. Wakavuka Yemen, wakaingia Somalia na Ethiopia, na siku za mwisho za Desemba 2019 wakaingia Kenya kwa mlango wa kaskazini-mashariki. Watu wazima wa Mandera walisema hawajapata kuona kitu kama kile, na kwa Kenya yote ilikuwa miaka 70 tangu uvamizi wa ukubwa huo. Kilomita moja ya mraba ya nzige yaweza kuwa na nzige milioni 80, nao kwa siku moja hula chakula cha watu 35,000. Kundi moja la kaskazini-mashariki mwa Kenya lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Mwalimu wa hesabu aweza kumpa mwanafunzi kazi ya kuzidisha, lakini jibu lake halitaingia akilini. Mfugaji alijua jibu bila hesabu: malisho ya mifugo yake yalikuwa yanaondoka angani.

Serikali ziliitwa kutenda, na zilitenda. Katika Kenya na Ethiopia ndege na magari yalinyunyiza hasa sumu za kikemikali, miongoni mwake fenitrothioni, klorpirifosi, malathioni na deltamethrini. Somalia, ng'ambo tu ya Mandera, ilifuata njia nyingine kwa sehemu kubwa. Huko ilitumika kuvu iitwayo Metarhizium acridum, ambayo huota juu ya nzige na jamaa zake na kuwaua, na haidhuru ngamia, wala nyuki, wala mtu. Kuvu hiyo haikuwa ndoto ya maabara iliyobuniwa mwaka ule; utafiti wake katika Afrika ya Magharibi ulianza mwaka 1989.

Yataka tuwe waadilifu katika kulinganisha. Kuvu haiui kwa saa chache. Huchukua siku saba, kumi, hata kumi na nne, na katika siku hizo nzige aliyekwisha kuugua aweza bado kula. Humfaa zaidi tunutu aendaye kwa miguu kuliko kundi lirukalo, ambalo leo liko Rhamu na kesho kutwa liko Marsabit. Mtu aliyeona mtama wake ukianguka hataki kuambiwa habari za siku kumi. Afisa wa Kenya aliyechagua sumu ya haraka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu ikilia na ghala lililokuwa na kile kilichokuwamo. Lakini mfano wa Somalia unaondoa udhuru mmoja mkubwa, ule usemao kuwa hapakuwa na njia nyingine. Njia nyingine ilikuwako, ilipimwa, na ilitumika umbali wa mwendo wa ngamia. Kwa hiyo kutumia sumu kulikuwa ni uchaguzi. Na uchaguzi, tofauti na mafuriko au ukame, huulizwa sababu.

Jambo la nzige lina upande mwingine ambao watu wa mjini husahau. Nzige ni chakula. Katika fikihi ya Kiislamu ni halali, na haitakiwi kuchinjwa. Kuku humdonoa, ndege humfuata, na nyakati za dhiki mtu naye humkaanga. Mnamo mwaka 2020 watu walionywa wasile nzige waliokwisha kunyunyizwa. Onyo hilo lilikuwa la haki na la lazima, lakini laonyesha lilivyo geni jambo lenyewe: kitu ambacho dini imekiruhusu na njaa imekikubali kilikuwa kimegeuzwa haramu kwa tendo la mtu aliyekaa juu katika ndege. Kuku hakusikia onyo. Nyuki pia hakusikia.

Hapa msomaji wa Rhamu, aliyekaa mbele ya mwalimu wa madrasa, aweza kuniuliza kama dharura haihalalishi kilichokatazwa. Ndiyo, fukaha wamesema hivyo. Walakini hawakuishia hapo. Wamesema pia kuwa ruhusa ya dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura yenyewe, haipiti. Na wamesema kuwa madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mengine ya namna yake. Mwenye njaa huruhusiwa kula nyamafu kiasi cha kumponya, wala haruhusiwi kujaza gunia. Tukiipima habari yetu kwa kanuni hizo twaona mengi. Kunyunyiza mahali nzige walipotua ni dharura. Kunyunyiza kisimani, kunyunyiza penye mizinga, kunyunyiza bila kuwaambia wenye mifugo wahame siku kadhaa, hakumo katika kadiri ya dharura. Na sumu anyunyiziayo mtu kila wiki juu ya nyanya kwa sababu jirani naye hunyunyiza, hiyo si dharura kabisa. Ni mazoea yaliyovaa nguo za dharura.

Liko pia jambo la mizani mbili, nalo hunitia uchungu kuliko mengine. Nchi za Ulaya ziliiondoa fenitrothioni katika mashamba yao mwaka 2007. Klorpirifosi ziliikataa Januari 2020, kwa sababu wataalamu wao hawakuweza kutaja kiasi chochote walichoweza kukiita salama, na palikuwa na hofu juu ya ubongo wa mtoto unaokua. Januari 2020! Mwezi ule ule nzige walipokuwa wakila Mandera. Mei 2025 mataifa ya Mkataba wa Stockholm yaliiweka klorpirifosi katika orodha ya sumu za kukomeshwa, ingawa kwa misamaha kadhaa. Wenye kutetea biashara hii husema kuwa kila nchi ina hali yake: Ulaya haina nzige, ina mkulima tajiri, na ina baridi ya kuua wadudu. Hoja hiyo ina uzito, na yafaa kujibiwa kwa heshima. Hali yaweza kubadili faida ya kitu. Kiangazi cha Rhamu chaweza kweli kuifanya chupa moja iwe na thamani kuliko ilivyo Ubelgiji. Lakini hali haibadili mwili. Neva za mtoto wa Rhamu hazikufumwa kwa uzi mgumu zaidi. Tena mtu wa Ulaya avaa mavazi ya kujikinga, ana daktari karibu, na husoma maandishi ya chupa kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Ikiwa yeye mwenye kinga zote hizo ameogopa, basi mizani ya sisi tusiokuwa nazo yapasa kuelemea upande wa hofu zaidi, wala si pungufu.

Na tusidhani kuwa kila kijacho kwa jina la msaada kimepita mizani yoyote. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea kutoka Ugiriki shehena ya dawa za wadudu, na sehemu yake ilikuwa imekwisha muda. Zilihifadhiwa Vikuge, karibu na Kibaha, katika banda lililo wazi. Banda likaanguka. Miaka mingi baadaye wachunguzi walipopima udongo wa mahali pale waliikuta DDT ikingali pale pale. Zawadi ilikuwa imemalizika kazi kabla ya kufika, na bado haikuondoka.

Mwaka 2019 Mheshimiwa Gladys Shollei alipeleka ombi katika Bunge la Kenya ili dawa zenye hatari kubwa ziondolewe. Ilipofika Juni 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuondolewa sokoni kwa bidhaa 77, na matumizi ya nyingine 202 kuwekewa mipaka. Ni hatua ya kushukuriwa. Wapo wakulima waliolalamika kuwa wamenyang'anywa silaha vitani, na mlalamikaji wa namna hiyo asidharauliwe, kwa maana aliyemnyang'anya mtu jembe bovu asipompa zima amempa njaa. Sheria ikataayo tu ni nusu ya sheria. Nusu nyingine ni bwana shamba afikaye kwa pikipiki kueleza jinsi ya kupanda kwa zamu, jinsi ya kung'oa mmea mgonjwa mapema, na ni mdudu yupi rafiki asiyepaswa kuuawa. Bwana shamba huyo ni adimu katika kaunti za mpakani, na sababu ya kuwa adimu si umaskini wa nchi tu. Hatukumhesabu kuwa ni sehemu ya ulinzi.

Tena iko safari ndefu kutoka Nairobi hadi duka la Rhamu. Kila chupa halali ina kibandiko chenye mstari wa rangi chini: nyekundu ni ya sumu kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Ni alama nzuri, isomwayo hata na asiyejua herufi, mradi chupa iwe ni ile ile. Lakini mkulima mdogo hana fedha za lita nzima. Hununua kidogo kidogo, na dawa humiminwa katika chupa ya soda. Rangi imebaki dukani. Kipimo kimebaki dukani. Idadi ya siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, nayo imebaki dukani. Kilichokwenda shambani ni maji yenye harufu katika chupa ambayo kila mtoto anaijua kwa utamu.

Na katika nchi ambayo mtungi wa plastiki ni mali, nani atautoboa mtungi mzuri kwa sababu ulikuwa na sumu? Sheria ya usafi yasema usuuzwe mara tatu, utobolewe, usitumiwe tena. Mtu aliyekaa penye bomba la maji ndani ya nyumba huona amri hiyo ni nyepesi. Mama wa Rhamu achukuaye maji mwendo wa saa moja huona mtungi wa lita 20 umetupwa, naye hawezi kuelewa ni akili gani iliyoutupa. Atauosha kwa mchanga na kuuteka maji. Kumwambia kuwa ni mjinga ni ujinga. Afadhali mwenye duka aurudishe mtungi mtupu kwa fedha kidogo, hata ukawa na thamani kubwa zaidi kwake kuliko kisimani.

Uko mkataba mwingine wa mataifa, wa Rotterdam, wa mwaka 1998, ambao umeanza kutumika tangu 2004. Wazo lake ni la heshima sana: sumu zilizo katika orodha yake zisipelekwe katika nchi yoyote bila nchi hiyo kuarifiwa na kuridhia. Napenda neno hilo, kuridhia. Limemfanya mpokeaji kuwa mtu mwenye mdomo. Lakini aliyeulizwa ni dola, na anayevuta pumzi ni mchungaji. Wakati wa nzige wazee wa malisho walistahili kuulizwa kabla ya ndege kuruka, kwa Kisomali na kwa Kiborana, kwenye baraza na msikitini: mizinga iko wapi, kisima gani kina maji, kundi la mbuzi litahamia wapi na kwa siku ngapi. Kuuliza huko hakuchelewi kama watu wadhanivyo. Wachungaji ndio waliokuwa wa kwanza kujua nzige wamelala wapi usiku.

Hata hivyo ridhaa ya Rhamu yote isingetosha. Daua haukomi Rhamu. Hupita Mandera, huungana na maji mengine ya Ethiopia karibu na Doolow, huwa mto Juba, hupita Luuq na Bardera, na kumwagika baharini karibu na Kismayu. Mtu wa Luuq hana kura Nairobi, wala hana kiti katika Bodi, wala hataletewa tangazo la wizara. Kwa leo walinzi wake ni mkulima wa Rhamu aoshaye bomba lake la kunyunyizia mbali na ukingo wa mto, na mwenye duka akataaye kumimina dawa katika chupa ya soda.